Dubwana lisiloonekana: jibu kwa aliyeuliza kuhusu filamu ya Monsters

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, niko Morogoro. Juzi tulikaa wanne kwenye laptopu yangu tukaitazama filamu ya Monsters ya mwaka 2010. Wenzangu watatu walilalamika kwamba wametapeliwa: jina la filamu ni madubwana, lakini madubwana yenyewe yanaonekana kwa dakika chache, na muda wote uliobaki ni watu wawili wanasafiri. Mimi niliipenda, ila nilishindwa kuitetea. Je, mwongozaji aliyaficha kwa sababu hakuwa na fedha? Na mimi ambaye nina kamera moja, laptopu moja na akiba isiyofika bei ya pikipiki mpya, nikitaka kutengeneza filamu ya viumbe wa kutoka sayari nyingine, nianze kwa kutengeneza dubwana, au nianze na nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamehesabu dakika vizuri, lakini wamekosea sababu, na kosa lao ni la kila mtu anayedhani kwamba katika filamu ya aina hii kinachomaliza fedha ni dubwana. Nitaanza na namna filamu ile ilivyotengenezwa, kwa kuwa habari zake zinajulikana vizuri, kisha nitakuja kwenye kamera yako na akiba yako.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaiona, kisa chake ni kifupi. Chombo cha NASA kilichotumwa kutafuta dalili za uhai katika mfumo wetu wa jua kinarudi na sampuli, kinavunjika juu ya Meksiko, na miaka sita baadaye nusu ya nchi hiyo, ile inayopakana na Marekani, imewekwa karantini na kuitwa eneo lililoambukizwa. Mpigapicha wa habari aitwaye Kaulder anaagizwa na mwajiri wake amrudishe nyumbani bintiye, Samantha. Tiketi za kivuko zinanunuliwa kwa bei ya kukomoa, pasi za kusafiria zinaibwa, tiketi zinabaki karatasi tupu, na msichana anatoa pete yake ya uchumba ili wasindikizwe kupitia katikati ya eneo lenyewe.

Aliyeiongoza ni Mwingereza Gareth Edwards, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtengenezaji wa efekti za kompyuta, yaani vitu vya kubuni vinavyopachikwa kwenye picha, kwa vipindi vya BBC vya historia na majanga, na ambaye mwaka 2008 alishinda shindano la tamasha la Sci-Fi-London la kutengeneza filamu fupi kwa saa 48. Fedha zilitolewa na kampuni ya Vertigo Films ya London. Vifaa viligharimu takriban dola 15,000, na bajeti nzima haikufika dola 500,000, kiasi ambacho kwako wewe ni mlima lakini kwa filamu ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Ulaya na Marekani ni fedha ya nauli. Kamera ilikuwa Sony EX3, kamera ya video ambayo wakati ule ungeweza kuikuta kwa mpigapicha wa televisheni, iliyofungwa kifaa cha kuiwezesha kutumia lenzi za kamera za picha za kawaida. Walipiga picha kwa wiki tatu katika nchi tano: Meksiko, Guatemala, Belize, Costa Rica na Marekani. Waigizaji wa kazi walikuwa wawili tu, Scoot McNairy na Whitney Able, ambao katika maisha yao halisi pia walikuwa wapenzi. Wengine wote unaowaona, kuanzia wakata tiketi mpaka walinzi wenye bunduki, ni watu waliokutwa pale pale na kuombwa washiriki. Hapakuwa na skripti yenye maneno ya kila mtu. Kila onyesho lilikuwa na aya moja ya kueleza mambo ya lazima, na maneno yakabuniwa papo hapo. Usiku, hotelini, mhariri Colin Goudie na msaidizi wake walizihamisha picha kutoka kwenye kadi za kumbukumbu ili kadi zitumike tena asubuhi, na wakati wenzao wakiwa barabarani wao walikuwa wameshaanza kuunganisha picha za jana.

Matokeo ya uhuru huo ni kwamba walirudi na zaidi ya saa 100 za picha zisizorudiwa. Muunganisho wa kwanza ulizidi saa nne, na ilichukua miezi minane ya uhariri kuufikisha kwenye dakika 94 ulizozitazama.

Sasa tunafika kwenye swali lako. Uhariri ulipofungwa, Edwards alibakiwa na miezi mitano ya kutengeneza shoti 250 za efekti (shoti ni kipande kimoja cha picha kisichokatizwa), na alizitengeneza mwenyewe, chumbani kwake, kwa programu za kawaida zinazouzwa madukani. Piga hesabu: ni chini ya shoti mbili kwa siku kama mtu hapumziki hata Jumapili. Ameeleza mwenyewe kwamba kasi hiyo aliimudu mpaka alipofika kwenye shoti ya kwanza ya kiumbe. Hapo ikapita miezi miwili hajakamilisha hata shoti moja ya kiumbe. Iangalie habari hiyo kwa makini, kwa sababu ndiyo jibu la wenzako. Kumwongeza kiumbe katika shoti nyingine kumi kusingemgharimu senti ya ziada, maana kompyuta ilikuwa yake, programu alikuwa nazo, na mfanyakazi alikuwa yeye asiyejilipa ujira wa saa za ziada. Alichopungukiwa ni siku. Filamu yenye bajeti kubwa hununua siku hizo kwa kuajiri mafundi mia tatu wakafanya kwa mwezi kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa miaka. Mtu wa peke yake hana pa kuzinunua, kwa hiyo anachagua mahali pa kuzitumia.

Hata hivyo ningekuwa nakudanganya kama ningesema kwamba upungufu wa siku ndio uliozaa filamu ya namna ile. Wazo lilikuwapo kabla ya kamera. Edwards amesimulia kwamba lilimjia alipokuwa akiwatazama wavuvi wakihangaika kuvuta wavu wao kutoka majini, akawaza ingekuwaje kama ndani ya wavu ule kuna dubwana, na wavuvi wenyewe wakawa wanaendelea na kazi yao bila kushtuka. Mtu yeyote aliyewahi kusimama ufukweni asubuhi akatazama watu ishirini wakikokota juya, wakiimba na kutukanana, ataielewa picha hiyo mara moja. Kinachoshangaza katika wazo lile ni uzoefu wa wavuvi kuliko ukubwa wa kilichomo wavuni. Filamu nyingi za madubwana huanza siku yanapotua na huisha siku yanaposhindwa; yeye alitaka filamu inayoanza miaka kadhaa baadaye, wakati watu wameshachoka kukimbia, watoto wanakwenda shule, na mzoga wa dubwana ni kero kama takataka nyingine yoyote iliyozagaa njiani.

Ukiwa na wazo la namna hiyo, kazi ya efekti inahama. Inatoka kwenye mwili wa kiumbe na kwenda kwenye alama alizoziacha duniani. Irudie filamu, safari hii usitazame waigizaji, tazama nyuma yao. Utaona mabango ya barabarani ya kuonya kuhusu eneo lililoambukizwa, uzio, helikopta zinazopita mbali bila mtu kuzinyanyulia kichwa, na michoro ukutani ambamo mnyama mwenye minyiri anapigana na ndege za kivita, imechorwa kama tunavyochora ukutani masuala ya afya na uchaguzi. Sehemu kubwa ya shoti zile 250 ni vitu vya aina hiyo. Barabara ni ya kweli, nguzo ni ya kweli, mtu anayeuza vitu pembeni ni wa kweli, na bango pekee ndilo la uongo; kwa kuwa vitu tisa kati ya kumi ni vya kweli, jicho halikikagui cha kumi. Hata uharibifu unaoonekana upande wa Marekani kwa sehemu ni wa kweli, kwa sababu walipiga picha katika pwani ya Texas iliyokuwa imepigwa na kimbunga Ike mwezi Septemba 2008. Ule ukuta mkubwa wa mpaka ambao wale wawili wanautazama wakiwa wamekaa juu ya piramidi ya kale ni mchoro wa kompyuta, lakini tayari umeshaamini, kwa sababu kwa saa nzima umekuwa ukiona alama ndogo ndogo za serikali inayojenga ukuta.

Nikuchambulie onyesho moja kwa karibu, lile la kituo cha mafuta karibu na mwisho, kwa sababu ndipo penye utetezi uliokuwa ukiutafuta. Samantha yuko peke yake ndani ya duka. Televisheni inawaka na kuonyesha habari za vita dhidi ya viumbe hao hao. Mnyiri mmoja unaingia taratibu, unapapasa, na unakwenda kwenye mwanga wa televisheni kama kipofu anayepapasa uso wa mtu. Msichana amejibana, haoni mwili wa mnyama, nasi hatuuoni. Anaunyoosha mkono polepole na kuchomoa waya, mwanga unazimika, mnyiri unarudi ulikotoka. Onyesho zima ni mkono mmoja wa pweza, televisheni na waya. Likipimwa kwa kazi ya kompyuta, ni kiungo kimoja badala ya mnyama mzima. Likipimwa kwa hadithi, limetueleza kwamba viumbe hawa wanafuata mwanga, na kwamba huenda miaka yote sita watu wamekuwa wakirusha mabomu dhidi ya kitu ambacho kingeondoka kama wangezima taa. Muda mfupi baada ya hapo ndipo tunaonyeshwa viumbe wawili wazima, warefu kuliko paa la kituo, wanakutana na kugusana huku miili yao ikiwaka na kufifia. Hawaonyeshwi wakiua mtu. Siku zile chache alizokuwa nazo, mtengenezaji amezitumia kuonyesha madubwana katika hali ambayo hakuna mtazamaji aliyeitarajia.

Wenzako wakibisha, waambie warudie dakika za mwanzo kabisa. Filamu inafunguka kwa shambulio usiku, likionekana kwa kamera ya kuonea gizani, kijani kitupu na mtikisiko mtupu, na kiumbe yumo humo. Hapo pana ujanja wa aina mbili. Picha ya kijani yenye chenga husamehe kasoro za mchoro ambazo mwanga wa mchana usingezisamehe. Na mtazamaji aliyeona mara moja tu, vibaya vibaya, hubaki anachungulia kila kichaka kwa saa nzima inayofuata. Zaidi ya hayo, mwanzo ule kwa mpangilio wa matukio ndio mwisho wa kisa, na mtu akilijua hilo filamu inambadilikia mkononi.

Sikusudii kuisifu kupita kiasi. Katikati pana maonyesho ambayo maneno ya kubuni papo hapo yamelegea, wale wawili wanazunguka jambo moja mara tatu, na mhariri ameyaacha. Jambo jingine linanikera zaidi: katika nchi iliyopata maafa, wenye nchi wamefanywa mandhari ya mapenzi ya wageni wawili. Mama anayewapokea usiku na kuwalisha ana uso wenye hadithi kuliko Kaulder, lakini kamera inampita. Wewe hutalazimika kulirudia kosa hilo.

Niliwahi kuitazama filamu hii katika banda la video, ikiwa imeingizwa sauti na mmoja wa wasimuliaji wetu, na nilimwonea huruma kabla hajaanza, maana nilijua ana saa nzima ya watu wanaotembea kimya. Aliijaza kwa ugomvi wa nauli ya kivuko, akampa Kaulder jina la dalali wa stendi, watu wakacheka mpaka benchi likayumba. Ulipoingia mnyiri dukani, msimuliaji mwenyewe alinyamaza. Sijui kama ni kwa kupanga, lakini banda zima lilinyamaza naye, na hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio.

Ipo njia nyingine iliyo kinyume kabisa, nayo ni kuonyesha kila kitu bila haya. Peter Jackson wa New Zealand, mwongozaji wa The Lord of the Rings, miaka mingi kabla ya umaarufu wake, alitengeneza Bad Taste, filamu ya viumbe wa kutoka anga za mbali wanaokuja kuwageuza binadamu kuwa nyama ya mgahawa. Alianza mwaka 1983 na kuikamilisha mwaka 1987, akipiga picha mwishoni mwa wiki pamoja na rafiki zake, kwa kamera ya Bolex ya milimita 16 inayokazwa kwa springi kama saa ya ukutani ya zamani na kuishiwa nguvu baada ya sekunde 30 hivi. Barakoa za viumbe zilipikwa katika oveni ya jikoni kwa mama yake, na inasemekana vichwa vyao vimepinda kwenda nyuma kwa sababu visingeenea katika oveni vikiwa wima. Sauti yote iliingizwa baadaye. Yeye mwenyewe aliigiza watu wawili, mmoja mwenye ndevu na mmoja asiye nazo, na kuna mahali wanapigana ukingoni mwa jabali, yaani anapigana na nafsi yake. Mwishoni Tume ya Filamu ya New Zealand ilimsaidia fedha za kumalizia. Inafanya kazi kwa sababu ni kichekesho. Mpira ukionekana ni mpira, mtazamaji anacheka pamoja na filamu. Huku kwetu Afrika Mashariki, Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, amefuata njia inayokaribiana na hiyo katika filamu zake za mapigano, kwa helikopta na milipuko ya kompyuta ambayo haijifanyi kuwa ya kweli, na msimuliaji anayeishangilia juu ya picha. Angalia lakini kwamba njia hii nayo inalipwa kwa siku; Jackson alilipa miaka minne.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote amua: je, unataka watu wacheke na dubwana lako, au unataka waogope? Swali lako linanionyesha kwamba unataka waogope, basi nitakujibu kwa upande huo. Usianze na dubwana. Anza na bango.

Nasema hivyo kwa maana halisi kabisa. Chukua kamera, iweke kwenye tripodi kando ya barabara yoyote yenye nguzo, piga sekunde nne. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, umepata picha 100. Tengeneza bango lako kwenye kompyuta, liwe na rangi iliyopauka na kutu kwenye misumari, kisha lipachike kwenye nguzo kwa Blender au programu nyingine. Blender ni ya bure, na uwezo wake si wa kitoto, kwani filamu ya katuni ya Flow iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2025 ilitengenezwa kwayo. Kwa kuwa kamera haikutikisika, bango litatulia lenyewe. Sasa litazame. Litaonekana limebandikwa, na kazi ya kujifunza inaanzia hapo: bango lako ni kali kuliko nguzo, kwa hiyo lififishe kidogo, weusi wake ni mweusi kuliko kivuli chochote barabarani, kwa hiyo upandishe mpaka ulingane na kivuli cha mti wa jirani, picha ya kamera ina chenga ndogo na bango halina, kwa hiyo liongezee. Nguzo inaangusha kivuli upande wa kushoto, na bango nalo liwe na kivuli upande huo huo. Ukimaliza, mwonyeshe mtu asiyejua, usimwambie lolote, uone kama atauliza.

Shoti ya pili, mruhusu mwendesha baiskeli apite mbele ya nguzo. Hapo utaona cha moto, kwa sababu bango lako litampita mtu huyo kifuani, na itabidi ukate umbo lake fremu kwa fremu kwa muda wote anaolikinga bango, pengine fremu 30, pamoja na spoku za gurudumu. Shoti ya tatu, ishike kamera mkononi. Sasa programu italazimika kutafuta alama zisizohama kwenye picha, kona za madirisha, mawe, madoa ya ukuta, na kutokana na namna zinavyosogea ikokotoe kamera yako ilikuwa wapi katika kila fremu, ili bango lisogee sawa na dunia. Sehemu kubwa ya Monsters ilipigwa kwa kushika mkononi, na shoti za efekti za namna hiyo hulazimika kupita njia hiyo kwanza. Siku utakapoweza kulituliza bango juu ya nguzo katika picha inayotikisika, ndiyo siku utakayoweza kuutuliza mguu wa dubwana juu ya udongo; hesabu ya kompyuta ni ile ile.

Kuhusu laptopu yako, nakupa hesabu moja ambayo ningefurahi kama mtu angenipa mimi zamani. Ikiwa kompyuta inachukua dakika 10 kuchora fremu moja ya kiumbe mwenye ngozi yenye unyevunyevu, fremu 100 ni dakika 1,000, karibu saa 17, kwa sekunde nne tu za filamu. Umeme ukikatika saa ya kumi na sita na ulikuwa umeiagiza kompyuta itoe faili moja la video, umepoteza yote. Iagize itoe kila fremu kama picha ya peke yake. Umeme ukirudi utaendelea pale ulipoishia. Na kiumbe wako asiwe na manyoya. Manyoya na maji ndivyo vitu viwili vinavyoila kompyuta bila huruma.

Sauti ni mahali ambapo fukara na tajiri wanakaribiana kuliko popote. Katika Monsters, kwa kubanwa na muda, milio ya viumbe ilibidi itengenezwe kabla picha zao hazijakamilika, kwa hiyo mtengeneza sauti alifanya kazi kwa kuwaza mnyama asiyekuwapo, na mimi naamini hilo liliisaidia filamu, kwa kuwa sauti haikufuata umbo. Nilichojifunza kwa mikono yangu ni kwamba mlango wa chuma wa duka unaovutwa taratibu, ukirekodiwa kwa karibu na kupunguzwa kasi kwa nusu, unashuka oktavo nzima na kuwa mguno wa kitu chenye mbavu. Lakini mguno ndio hatua ya mwisho. Kabla yake weka mbwa wanaobweka mtaa wa pili, kisha wakatize wote kwa pamoja. Weka jenereta, kisha lizime. Mtazamaji anaogopa zaidi sauti iliyokuwapo ikakoma kuliko sauti mpya iliyoingia.

Na ukitaka lazima kitu cha kushikika, sikatai. Zamani nilishona vazi la kiumbe kwa sponji ya godoro na gundi, tukampiga picha mchana wa saa sita uwanjani. Watoto waliokuwa wakitazama walicheka mpaka wakakaa chini, na mmoja akaninyooshea kidole mshono wa uzi mweusi begani. Miezi kadhaa baadaye tulilitumia vazi lile lile usiku wa mvua, nyuma ya turubai la kibanda cha soko, taa ikiwa nyuma yake, kamera mbele, na aliyelivaa akaegemeza bega na mkono tu kwenye turubai mpaka likafutuka. Mshono ulikuwapo bado. Safari hii aliyekuwa akishika taa ndiye aliyeomba tusirudie.

Jambo moja la Edwards usiliige. Mara nyingi walitumia maeneo bila kuomba ruhusa mapema. Hapa Tanzania upigaji wa filamu unahitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na msimamizi ni Bodi ya Filamu. Anza huko, hata kama watu wako ni wanne na kamera ni moja. Wala usichapishe bango la maambukizi ukalitundika barabarani eti ili kuokoa kazi ya kompyuta. Kuna watu watakaolisoma na kuliamini, na taharuki utakayoizua haitakuwa ya filamu. Bango lililo ndani ya kompyuta halimtishi mtu ambaye hajanunua tiketi, na hiyo nayo ni faida yake.

Gawa basi muda wako namna hii: miezi mitatu ya mabango, uzio na helikopta za mbali, mwezi mmoja wa sauti, na kiumbe umpe muda wote utakaobaki, ukiwa umeshaamua kabla ni kiungo chake kipi tutakiona na ni mara ngapi. Ningekuwa wewe ningechagua kiungo kimoja, mara tatu. Filamu iwe ya dakika 12, na mtu mkuu awe yule ambaye Monsters ilimpita, mwenyeji anayelala hapo, anayejua saa za dubwana kupita kama anavyojua ratiba ya daladala. Ukimaliza shoti ya mwendesha baiskeli, nitumie; na kama zile spoku zitakushinda, uniandikie ni kuanzia fremu ya ngapi, maana mara nyingi tatizo liko katika zile fremu mbili au tatu ambazo gurudumu linaingia nyuma ya nguzo na kutoka.